Kofia ya Rubani wa Pili

Elisabethville, 12 Agosti 1958

Ndugu yangu Louis,

Tafuta kiti ukae, ndipo uendelee kusoma. Jana Direkta aliniita ofisini kwake na kufunga mlango. Unajua mimi nikiitwa na mlango ukafungwa huwa nahesabu makosa yangu yote tangu mwaka juzi. Safari hii halikuwa kosa. Kampuni inataka Mkongomani mmoja wa kuaminika pale Kolwezi, awe anaruka na rubani mpya, Bwana Luk, kwenye njia ya Dilolo. Atakaa mbele, upande wa kuume, kwenye kiti cha rubani wa pili.

Nilitaja jina lako kabla hajamaliza kusema. Nani mwingine ningemtaja? Tulisoma benchi moja kwa mapadri, na kama si chakula cha dada yako Kabedi, mimi ningeacha shule kwa njaa.

Utaanza kwa kuangalia tu. Komanda Wéry, yule anayefundisha marubani hapa, atakuja Kolwezi kukaa nanyi. Anamfundisha Bwana Luk njia, na wewe unasikiliza. Hivyo ndivyo watu wanavyoanza. Wazungu wenyewe sasa wanasema lazima Wakongomani waingie katika kazi hizi, na Mkongomani wa kwanza Katanga nzima kuitwa rubani anaweza kuwa wewe.

Niletee haraka uzito wako, na upime kichwa chako kwa uzi, juu ya masikio, ufunge fundo pale uzi unapokutana. Chora pia kiganja chako kwenye karatasi. Kwa sasa usiwaambie makarani wenzako wa ofisini, wivu wao unaujua.

Wako daima,
Tharcisse Kabeya

Kolwezi, Kapata, 21 Agosti 1958

Ndugu Tharcisse,

Uzi umo ndani ya bahasha. Ni dada Kabedi aliyenipima, na alicheka hadi akakosa nguvu za kufunga fundo. Alisema, "Hii kichwa mi niliibeba mu mugongo miaka yote, sikujua siku moja bazungu bataipima." Kisha akaingia chumbani na nikamsikia analia. Unamjua dada. Mama alipokufa yeye alikuwa msichana tu, na mimi nilikuwa bado sijaota meno.

Nimetia pia cheti changu cha shule, pamoja na barua ya Padri kuhusu alama zangu za hesabu. Hukuviomba, lakini nadhani Komanda atapenda kuviona kabla ya kunifundisha.

Sikuwaambia watu wa ofisini. Shemeji Mwamba, mume wa dada, ndiye aliyewaambia watu wa mgodini, na sasa mtaa wote wa Kapata unajua. Jana nilipokwenda bombani kuchota maji, mama mmoja aliniambia niiache ndoo, haifai pilote kubeba ndoo. Nikaibeba hata hivyo, ila sitakuficha, nilitembea polepole ili wengine nao wasikie.

Sijui nitakushukuru vipi.

Wako,
Louis Ngeleka

Kolwezi, 19 Oktoba 1958

Ndugu Tharcisse,

Nimeruka. Nimeruka mara nyingi sasa, na kila mara tukiinuka nashika kiti kwa mikono miwili.

Ungeona mto Lualaba kutoka juu ungenyamaza, wewe ambaye hunyamazi. Pale Nzilo maji yamesimama nyuma ya ukuta wa bwawa yakingoja zamu yao. Reli inayokwenda Dilolo inaonekana yote, na gari moshi tunaliacha nyuma kabla mtu hajamaliza kukohoa. Ndege yetu ni ndogo, injini mbili, abiria saba wakibanana. Sisi wawili mbele.

Nguo zimenikaa vizuri. Kofia haisogei hata kidogo. Miwani myeusi inasaidia kwa jua. Glavu nyeupe bado sijaelewa ni za nini, kwa kuwa Bwana Luk mwenyewe hazivai, lakini ninazivaa.

Sasa nikuulize. Komanda Wéry hajafika hata siku moja. Bwana Luk ni kijana mzuri, ananigawia kahawa yake na kuimba kwa Kiflamani, lugha ya kwao, tukiwa juu, lakini nikimuuliza saa hii au ile kwenye ubao wa mbele yetu inapima nini, anasema, "Komanda atakueleza." Nikimuuliza Komanda anakuja lini, anatazama nje. Wiki iliyopita aliniambia hajawahi kutua kwenye mvua ya nchi hii. Ulaya alirusha ndege nyingine, kwenye viwanja vya saruji. Sheria inataka awe na mwalimu pembeni yake mpaka amalize majira ya mvua, yeye mwenyewe alinieleza hivyo. Mvua imeshaanza, na pembeni yake nipo mimi.

Jambo jingine ni dogo. Tukifika Dilolo siruhusiwi kushuka. Ajenti wa Serikali anakaa kwenye baraza yake mwisho wa uwanja, anatutazama tunapopita, anaandika, anaingia ndani. Bwana Luk ananiambia nikae na kofia mpaka tuondoke. Nimefika Dilolo mara hizo zote na sijaikanyaga. Simone, binti wa dada, ameolewa kule na mtu wa reli. Mara moja alikuja hadi kwenye uzio akanipungia mkono, nami nikampungia kwa glavu.

Niambie Komanda anakuja lini.

Louis

Elisabethville, 2 Novemba 1958

Ndugu yangu,

Wewe na maswali. Hata kwa mapadri ulikuwa hivyo, Padri anasema Mungu aliumba dunia, wewe unauliza alisimama wapi.

Komanda ana kazi nyingi hapa, wakubwa wa migodi wanataka kusafirishwa kila siku. Atakuja. Wewe endelea kuangalia, usiguse kitu, usishuke Dilolo, na vaa kofia kabla hamjaanza kushuka, usingoje hadi mtue. Glavu ni desturi ya kampuni. Kazi ya rubani ni nidhamu kwanza, mafunzo yanafuata.

Bwana Luk ana karatasi zote kutoka Ulaya. Huko kwao mvua inanyesha mwaka mzima. Usimsumbue.

Mimi nimepewa meza mpya, karibu na mlango wa Direkta. Mke wangu anasema sasa natembea kama mtu mwenye tumbo. Msalimie dada Kabedi, mwambie bado nakumbuka samaki wake wa mawese.

Tharcisse

Kolwezi, Kapata, 7 Desemba 1958

Ndugu Tharcisse,

Safari hii naomba unijibu sawasawa, bila utani.

Simone amejifungua mtoto wa kiume. Dada Kabedi lazima aende Dilolo kumwona mjukuu. Unajua kwetu, mtoto wa kwanza akizaliwa, upande wa mama unapeleka kuku jike aliye hai, naye anabebwa mikononi na mjomba wa mzazi. Hafungwi na mizigo, hawekwi chini njiani. Mjomba ni mimi. Dada alitaka twende wote kwa gari moshi, kuku kwenye magoti yangu, kama ilivyo siku zote.

Mimi ndiye niliyesema apande ndege. Nataka anione nilipokaa. Amenilea kwa mikono yake, Tharcisse, na hajawahi kuona kitu changu hata kimoja cha kumfurahisha isipokuwa cheti. Bwana Luk amekubali, kiti kipo. Dada anakataa. Anasema, "Mi siko ndege. Mungu angetaka nipande kule angenipatia mabawa." Nilimwambia asiogope, mbele tuko wawili. Basi akaniuliza, "Na wewe unajua kuiendesha?" Nikasema najifunza.

Lakini usiku nawaza. Mvua ya sasa si mchezo, uwanja wa Dilolo ni udongo mtupu. Juzi tulitua tukateleza, na Bwana Luk alifanya ishara ya msalaba kabla ya kuzima injini. Wewe uko ofisini, unajua kinachojulikana. Je, yuko tayari? Anaweza kutua peke yake katika mvua? Kama una shaka hata kidogo niandikie, nami dada nitampandisha gari moshi na aibu nitaibeba mimi.

Louis

Elisabethville, 15 Desemba 1958

Ndugu yangu Louis,

Nimemuuliza Komanda Wéry mwenyewe. Hakuna shaka. Mpandishe dada. Angekuwa mama yangu mzazi ningempandisha.

Heri ya Noeli kwenu nyote.

Tharcisse

Kolwezi, hospitali, 20 Januari 1959

Tharcisse,

Habari zilishakufikia kwa waya, najua. Lakini waya hausemi mambo yote, na mimi sina mtu mwingine wa kumwambia.

Tuliondoka Kolwezi jua likiwaka. Dada alikaa nyuma yangu kabisa, amevaa nguo yake ya Pasaka, mkono wake kwenye bega langu. Kuku alikuwa kwenye kikapu magotini mwangu. Nilikuwa nimevaa kofia, miwani na glavu, na nimeshika kikapu. Nilikuwa na furaha. Naandika hili ili ulijue, nilikuwa na furaha kuliko siku zote za maisha yangu.

Karibu na Dilolo mvua ilitufunga. Hatukuona uwanja, tukapita, tukazunguka. Mara ya pili Bwana Luk aliuona, tukashuka kwa nguvu. Hapo akapiga kelele, "La vitesse, la vitesse!" Alitaka nimsomee mwendo, yeye macho yake yalikuwa nje. Alinigeukia, Tharcisse. Katika woga wake alinigeukia kama mtu anayemgeukia mwenzake wa kazi. Mbele yangu kulikuwa na saa nyingi na sikujua ya mwendo ni ipi. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha. Nilikaza kikapu tu.

Tuligusa chini katikati ya uwanja, tukateleza hadi mwisho, tukaingia kwenye mtaro wa mawe. Bwana Luk alikufa kabla hawajamtoa. Alikuwa anasema jina la mtu, nadhani la mama yake. Abiria wengine walivunjika hapa na pale, watapona. Mimi nimevunjika mbavu mbili. Dada Kabedi miguu yake haisikii tena. Daktari amesema haitasikia.

Jana aliamka vizuri. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida, bila hasira, "Wee Louis, kule mbele ulikuwa unatumika kazi gani?"

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe ndiye uliyeniweka pale. Nilikuwa na kazi gani?

Louis

Elisabethville, 3 Februari 1959

Ndugu yangu mpendwa,

Nimelia. Mke wangu amelia. Tumesomesha Misa kwa ajili ya dada na ya Bwana Luk.

Sasa nisikilize kwa moyo mtulivu, kwa kuwa mambo yamekuwa magumu. Tangu ghasia za mwezi uliopita kule Léopoldville wazungu hawatutazami tena kama zamani, na mzungu wa Serikali anakuja Kolwezi kuchunguza. Ulikutwa umevaa kofia kwenye kiti cha pili, na ajenti wa Dilolo ameliona hilo. Kwa hiyo ile kofia inahitaji maelezo.

Ndani ya bahasha utakuta maelezo yako. Nimeyaandika mimi mwenyewe, kwa Kifaransa kizuri, ili usijisumbue. Yanasema wewe ulikuwa mwanafunzi wa urubani wa kampuni. Yanasema wakati wa kutua, kwa bidii na kwa kutaka kusaidia, ulivuta usukani wa upande wako bila kuamriwa. Kwa bidii, nimeliweka neno hilo kwa makusudi. Hutafungwa, Direkta ameniahidi. Utaambiwa ulikosa kwa ugeni. Baada ya mwaka mmoja, mambo yakitulia, watakupeleka kwenye mafunzo ya kweli, na dada atapata kiti cha magurudumu kutoka Ulaya.

Na utazame juu ya karatasi. Imeandikwa "Louis Ngeleka, élève-pilote", yaani mwanafunzi wa urubani, na mhuri wa kampuni. Hakuna mtu mweusi mwingine Katanga mwenye karatasi ya namna hiyo. Ukikataa, utakuwa nani? Utakuwa karani aliyevalishwa kofia. Kapata nzima itajua. Fikiri vizuri. Bwana Luk amekufa, hakuna linaloweza kumdhuru wala kumsaidia.

Tia sahihi, urudishe upesi.

Ndugu yako,
Tharcisse

Kolwezi, hospitali, 11 Februari 1959

Tharcisse,

Mi Kabedi. Katekista Ngoy njo anaandika, mi nasema tu, na nimemukataza kutengeneza maneno yangu.

Louis alinisomea ile karatasi yako. Alisoma mara mbili, na ule mutoto niliona anataka kutia sahihi. Si juu ya kuogopa. Juu ya lile jina lenye liko pale juu. Alikuwa analiangalia sana. Alisema, "Yaya, dada yangu, ukisikia vile, mi ni élève-pilote." Njo nilijua wewe unamujua vizuri kuliko adui.

Mi nilikuwa nyuma yake. Mukono yangu ilikuwa mu bega yake mpaka kule mu mawe. Hakuvuta kitu. Alikuwa ameshika kuku mu kikapu yake. Mikono yote mbili, na zile gants zake nyeupe. Nilimuambia asiachilie kuku, na hakuachilia. Hata bale benye kututoa walikuta ameishika.

Tharcisse, ulikula kwangu miaka ine. Ulikuwa unapenda kichwa ya samaki, nilikuwa nakuwekea wewe, Louis nilimupatia mukia. Sasa nauliza, juu ya nini ulisema nipande? Alikuandikia, ulijua, ukasema panda. Miguu ilikwenda, haina maneno, mi ni mutu mukubwa. Lakini ungenyamaza tu ningepanda treni.

Usinitumie kiti ya magurudumu. Mwamba atanibeba.

Kabedi

Kolwezi, Kapata, 8 Machi 1959

Kwa Bwana Tharcisse Kabeya,

Uchunguzi umekwisha jana. Ulifanyika kwenye jumba la kampuni hapa Kolwezi, na Direkta wako alikuja, na Komanda Wéry, ambaye kwa hiyo nilimwona kwa mara ya kwanza. Ni mtu mfupi mwenye sauti ndogo. Wiki zote zile nilimngoja kama Masiya.

Walinipa nakala ya karatasi yako nithibitishe. Sitakuficha, niliishika muda mrefu. Jina lilikuwa zuri pale juu. Mzungu wa Serikali aliniuliza kwa upole, "Ni kweli uliuvuta usukani?" Nikasema hapana. Akauliza mikono yangu ilikuwa wapi. Nikasema ilikuwa imeshika kuku.

Watu walicheka. Hata mlinzi mlangoni alicheka, na yeye ni mtu wa Kapata, alfajiri ya leo bombani wote walikuwa wanajua. Mzungu wa Serikali hakucheka. Aliniambia nieleze, nikaeleza yote: kofia, miwani, glavu, ajenti kwenye baraza yake, na kwamba sijawahi kukanyaga Dilolo hadi siku waliponilaza kwenye nyasi zake. Nilimwambia Bwana Luk alikufa akimwomba msaada mtu aliyewekwa pale ili vichwa vya wazungu vionekane viwili. Hata yeye, kwa woga, alikuwa amesahau kwamba mimi ni kofia tu. Aliuliza kama nilikuwa mwanafunzi. Nikajibu mimi ni karani.

Kisha akamgeukia Komanda Wéry, akauliza wazo hili lilikuwa la nani. Komanda alisema, "La karani wetu wa Elisabethville. Alisema anaye mwenzake Kolwezi atakayevaa lolote akiambiwa ni mafunzo."

Nilikataa kuamini. Nilijiambia wanakusingizia, kama walivyotaka kunisingizia mimi, kwa sababu wewe ni mweusi na huna wa kukutetea. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshakasirika kwa ajili yako. Nilikusudia hata kukuandikia kukuonya. Nilipokuwa natafuta karatasi, nilifungua barua yako ya kwanza.

Siku ileile uliyonipa habari, kabla Komanda hajasikia jina langu, ulitaka uzi wa kichwa na mchoro wa kiganja. Rubani anaulizwa amesoma mpaka wapi, anaona mbali kiasi gani, anajua hesabu. Cheti nilikitia mwenyewe kwenye bahasha, na hukukitaja hata mara moja. Wewe uliuliza kichwa tu.

Narudisha kofia, miwani na glavu. Glavu ya kushoto ina damu, si yangu. Simone hakumchinja yule kuku, amefika mikononi mwa mjomba kama inavyotakiwa, na anataga. Dada anasema nikuandikie kwamba anakuombea. Mimi bado siwezi.

Louis Ngeleka
karani